Daktari wa Kilifi Aliyeipima Tiba Yake Mwenyewe



Mtoto anapofikishwa hospitali amelegea, homa inamwaka na macho hayafunguki vizuri, jambo la kwanza ambalo sisi akina mama hulitafuta kwa macho ni ile chupa ya maji iliyotundikwa juu ya kitanda. Tukiiona, roho hutua. Jamaa wanaokuja kumtazama mgonjwa nao huuliza hilo hilo: "Ametiwa maji?" Wakiambiwa naam, huitikia alhamdulillahi. Wakiambiwa bado, hunong'onezana kwamba hospitali hiyo haina watu wa kazi. Mimi mwenyewe nimewahi kuketi usiku kucha kando ya kitanda cha mwanangu nikihesabu matone, nikiamini kwamba kila tone ni uhai unaomrudia.

Wiki hii napenda tuzungumze habari za daktari mmoja ambaye naye aliamini hivyo, tena kwa hoja za kitaalamu. Lakini hakuridhika na kuamini tu. Aliichukua tiba aliyoitumainia akaiweka kwenye mizani mbele ya ulimwengu, na mizani ikamkatalia. Jambo hili lilitokea hapa hapa pwani yetu, Kilifi, pamoja na hospitali za jirani zetu wa Tanzania na Uganda. Matokeo yake yamefika hadi kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Ajabu ni kwamba wengi wetu, ambao watoto wetu ndio waliohusika, hatujapata kuyasikia.

Kutoka Vanuatu hadi Kilifi

Daktari huyo ni Profesa Kathryn Maitland, bingwa wa maradhi ya kuambukiza ya watoto kutoka Uingereza, na profesa katika chuo cha Imperial College London. Katika miaka yake ya mwanzo ya utafiti alishughulikia malaria ya watoto katika visiwa vya Vanuatu, mbali kabisa huko bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka 2000 makazi ya kazi yake yamekuwa Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome ambacho kilianzishwa mwaka 1989 kandokando ya hospitali ya Kilifi.

Tumezoea kumfikiria mtafiti kuwa mtu wa maabara, aliyeinamia darubini na asiyejua jina la mgonjwa. Maitland ni daktari wa wodi. Kazi yake ilikuwa kati ya vitanda vya watoto mahututi, na maswali yake ya utafiti yalitoka vitandani humo. Swali lililomkera kuliko yote lilikuwa hili: kwa nini watoto wengi mno wanaofariki hospitalini hufariki katika saa 24 za mwanzo, hata wanapokuwa wamepata dawa sahihi?

Kila mama wa pwani anaijua njia inayoelekea kwenye saa hizo. Homa huanza usiku. Asubuhi mtoto hupewa dawa ya kushusha homa. Siku ya pili hupelekwa duka la dawa, au kwa mzee atazamwe kama ni kijicho. Siku ya tatu, anapokwisha kuishiwa nguvu, ndipo hutafutwa nauli. Anapofika hospitali, vijidudu vimekwisha kutangulia mbali, na dawa iliyo bora kuliko zote huhitaji muda kufanya kazi. Daktari huwa anashindana na saa.

Tena si kila homa ni malaria. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005, ambao Maitland alikuwa mmoja wa waandishi wake, ulionyesha kwamba takriban robo ya watoto waliofariki katika hospitali hiyo walikuwa na bakteria ndani ya damu. Hawa walihitaji dawa za kuua bakteria mapema, ilhali nyumbani walikuwa wanatibiwa malaria.

Kikombe kimoja cha maji

Maradhi hayo yanapomzidi mtoto, mzunguko wa damu huanza kushindwa. Viganja na nyayo hupoa ilhali kifua kinaunguza. Ukibonyeza ukucha wake kisha ukauachia, rangi huchelewa kurudi. Moyo huenda mbio, lakini mpigo kwenye kifundo cha mkono ni dhaifu, wa kutafuta kwa kidole. Mwili unakuwa umejifungia, unaubania moyo na ubongo ile damu iliyopo. Madaktari huiita hali hii mshtuko, nao si mshtuko wa hofu bali ni wa mzunguko wa damu.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani vilifundisha kwamba mtoto wa aina hii ajazwe maji ya mshipani upesi, ili mishipa ijae na damu ifike inakopaswa kufika. Kipimo kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, na huweza kurudiwa. Kwa mtoto wa kilo 10 ni mililita 200, yaani kama kikombe kimoja cha chai, kinachoingizwa mshipani kwa muda mfupi. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka: mfereji uliokauka hujazwa maji.

Maitland alikuwa miongoni mwa walioitumainia tiba hii. Majaribio madogo aliyoyaongoza Kilifi yalitoa dalili njema, hasa kwa maji yenye albumini, ambayo ni protini inayopatikana katika damu ya binadamu. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kwenda kwenye mikutano akazitaka serikali za Afrika ziwapatie watoto wao kile wanachopata watoto wa London, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alisema kwamba dalili njema hazitoshi. Tiba hiyo ilikuwa imekubalika kwa mazoea na kwa mantiki, lakini hakuna aliyewahi kuipima ipasavyo kwa watoto wenye homa kali katika hospitali zetu, ambazo aghalabu hazina vyumba vya wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia.

Hivyo ukaanzishwa utafiti ulioitwa FEAST, ambao ulianza kupokea watoto mnamo Januari 2009. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi, Teule ya Muheza, mkoani Tanga, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda. Maitland aliuongoza pamoja na wataalamu wa Afrika Mashariki, akiwamo Profesa Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere. Watoto waligawanywa kwa kura, kwa bahasha zilizofungwa, katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Wote, bila ubaguzi, walipata dawa za malaria au za bakteria, oksijeni, sukari na damu kwa kadiri ya haja, pamoja na maji ya polepole ya kumshikiza mtoto asiyeweza kula. Tofauti ilikuwa ni kile kikombe kimoja au viwili tu.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wazazi. Mama aliyembeba mtoto anayekata roho hawezi kusomewa karatasi za kurasa kadhaa. Watafiti, kwa idhini ya kamati za maadili, walikubaliana kwamba katika dharura mama aelezwe kwa maneno machache naye aitikie au akatae. Hali ikishatulia, aelezwe yote kwa utulivu na aombwe ridhaa yake kwa maandishi. Wapo waliouona utaratibu huu kuwa mgumu kuukubali, na mazungumzo juu yake yangaliko miongoni mwa wanazuoni wa maadili ya tiba. Lakini fikiri: bila utaratibu wa namna hiyo, watoto walio katika hatari kubwa kuliko wote wasingefanyiwa utafiti wowote, nao wangeendelea kutibiwa kwa kubahatisha.

Mizani ilipokataa

Ilikusudiwa wapatikane watoto 3,600. Mnamo Januari 2011, walipokuwa wamefikia zaidi ya 3,100, kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu iliamuru utafiti usimamishwe. Maitland na wenzake hawakuwa wakiyaona matokeo kabla ya hapo, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyotaka. Nadhani wengi wao walipopata habari walidhani kwamba tiba imeshinda waziwazi kiasi kwamba si haki kuendelea kuwanyima wale wa kundi la tatu.

Ilikuwa kinyume. Kati ya watoto 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, 76 walifariki katika saa 48 za mwanzo, yaani asilimia 7.3. Kati ya waliopewa albumini, walifariki asilimia 10.6; na waliopewa maji ya chumvi, asilimia 10.5. Katika kila watoto mia moja waliopewa maji ya haraka, watatu zaidi walikufa.

Lililoshangaza zaidi ni kwamba watoto waliopewa maji walionekana kupata nafuu. Baada ya saa moja dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 yao, ilhali kwa wasiopewa ni asilimia 32. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba maji yanafanya kazi. Viganja vilipata joto, mpigo ulirudi, mama akatabasamu. Kisha, saa kadhaa baadaye, moyo na mzunguko wa damu ukaporomoka. Ndiyo maana miaka yote hiyo macho ya madaktari hodari hayakuweza kuligundua kosa: kila mmoja alimwona mtoto wake akipata nafuu kwanza, na alipofariki alisema kwamba maradhi yalimshinda. Ilihitajiwa hesabu ya maelfu, na kundi la kulinganishia, ili kikombe kile kionekane kilivyo.

Watafiti waliangalia kila upande. Walitazama wenye malaria na wasio nayo, wenye upungufu wa damu na wasio nao, wakubwa na wadogo. Hawakupata kundi lolote ambalo maji ya haraka yalilinufaisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo wa 2011 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Msomaji mpenzi, jiweke mahali pake. Umeitumikia fikra moja kwa miaka, umeitafutia fedha, umewashawishi wenzako wa nchi tatu. Sasa inakubidi usimame na kusema kwamba ulichokitumainia kimedhuru, na kwamba kimedhuru mikononi mwako. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kusema "sijui" ni sehemu ya elimu. Nadhani kusema "nilikosea, na hizi hapa hesabu" ni sehemu iliyo nzito zaidi.

Wengi hawakumkubalia. Wapo waliosema kwamba watoto wale hawakuwa na mshtuko wa kweli. Wapo waliosema kwamba mambo ya Afrika ni ya Afrika, hayahusu hospitali za kwingine. Miongozo ilibadilika polepole. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaoelekeza kwamba mtoto mwenye baadhi tu ya dalili za mzunguko dhaifu wa damu asijazwe maji kwa haraka. Mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa kutibu watoto wenye maambukizo makali ya damu nao ukapendekeza kwamba, mahali pasipo na huduma ya wagonjwa mahututi, mtoto ambaye shinikizo lake la damu halijashuka asipewe maji hayo ya haraka. Kutoka wodi ya Kilifi hadi mwongozo huo ilipita miaka tisa.

Maitland hakuacha kuuliza. Baada ya maji aligeukia damu. Utafiti mwingine, uliofanywa Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, ulichunguza watoto wenye upungufu mkubwa wa damu. Ulionyesha kwamba baadhi yao, wasio na dalili za hatari, waliweza kusubiri chini ya uangalizi wa karibu bila kuongezewa damu mara moja, na hawakufariki zaidi ya wenzao. Ulionyesha pia kwamba kiasi cha damu kina maana: mtoto asiye na homa alinufaika na kiasi kikubwa zaidi, na mwenye homa alikuwa salama zaidi kwa kiasi kidogo. Katika nchi ambazo chupa moja ya damu huhangaisha ukoo mzima kuitafuta, elimu hii ni hazina.

Deni

Sasa nirudi kwenye lile lililo zito. Lau watoto wote wa utafiti ule wangetibiwa kama kundi la tatu, hesabu inaonyesha kwamba watoto kama 68 waliofariki huenda wangalikuwa hai. Hatuwezi kujua ni akina nani. Katika kila mmoja aliyefariki, hakuna mtu awezaye kumwambia mama yake, "Mwanao ni kwa sababu ya maji," wala, "Si kwa sababu ya maji." Huu ni msiba usio na jina, na si haki kuupita haraka haraka kwa kusema kwamba sayansi ina gharama zake.

Lakini tujiulize jambo la pili. Kabla ya 2009, ni watoto wangapi duniani walipewa kikombe kile kwa nia njema kabisa, bila mtu kuhesabu? Hao hatutawajua kamwe, kwa kuwa hakuna aliyeweka daftari. Tofauti kati ya misiba hii miwili ni kwamba mmoja ulisimamishwa siku hesabu zilipozungumza, na mwingine ungeweza kuendelea hadi leo.

Hapa pwani tumezoea mnong'ono kwamba watafiti huchukua damu za watoto wakaziuze. Hadithi za mumiani ni za zamani kuliko sisi, na hazikuzuka bila sababu: watu waliozoea kuchukuliwa vitu bila kuelezwa hujifunza kushuku. Dawa ya shaka hiyo ni maelezo. Nadhani kituo chochote cha utafiti kinadaiwa na jamii yake si matibabu tu, bali pia kurudishiwa habari: tuliwauliza nini, tukapata nini, watoto wenu wamewafaa nini watoto wa wengine. Akina mama wa Kilifi, Muheza, Mbale na Soroti waliutoa mchango ambao mapato yake yanawafikia watoto wa nchi wasizozijua. Wanastahili kuambiwa hivyo, kwa lugha wanayoielewa, barazani na majumbani.

Nasi tunadaiwa kuitumia elimu hiyo. Kwa hivyo, dada yangu, yaweke haya akilini.

Kwanza, usichelewe. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea kiasi cha kutoamka vizuri, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Saa 24 zile zinaanza kuhesabiwa nyumbani kwako.

Pili, usiishurutishe hospitali imtundikie mtoto maji, wala usiyakatae unapoambiwa anayahitaji. Mtoto huweza kutiwa maji kwa sababu nyingi za haki: kupitishiwa dawa, kuongezewa sukari, au kwa kuwa hawezi kula. Lililogunduliwa Kilifi ni kuhusu maji mengi ya haraka kwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Wewe uliza kwa adabu: "Daktari, maji haya ni ya nini, na yatakwenda kwa muda gani?" Daktari mwema hafurahishwi na mama aliye kimya kuliko anayeuliza. Na usiiguse ile gurudumu ya kuongeza mwendo wa matone kwa kudhani kwamba yanachelewa.

Tatu, usichanganye jambo hili na kuharisha. Watoto wenye kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule, na shauri lao ni jingine. Mtoto anayeharisha anapoteza maji, na ni lazima arudishiwe: ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, pamoja na vidonge vya zinki kama utakavyoelekezwa kituoni, na maziwa ya mama yasikatizwe. Akiwa na macho yaliyozama, au hawezi kunywa, mkimbize hospitali.

Nne, ukiombwa mtoto wako aingie katika utafiti, una haki ya kuelezwa kwa lugha yako, kuuliza hadi utosheke, kukataa, na hata kujitoa baadaye bila mtoto kunyimwa matibabu yake. Uliza pia swali ambalo ni nadra kuulizwa: "Mkimaliza, mtakuja kutuambia mliyoyapata?"

Nimemweleza daktari huyu kwa kirefu kwa sababu mabinti zetu na wana wetu wamo shuleni wakiota kuwa madaktari, nasi huwatia moyo kwa kuwasimulia heshima na koti jeupe. Tuwasimulie na haya pia. Tuwaambie kwamba daktari aliye mkweli huja siku akalazimika kuhesabu dhidi ya nafsi yake, na kwamba kuna watoto wanaoishi leo, Kilifi na kwingineko, kwa sababu kuna aliyekubali kufanya hivyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu watoto waliotangulia, awape subira mama zao, na awaponye wote walio vitandani wiki hii. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wassalaam.